Mfongo Mmoja, Mgawaji Mmoja

Hotuba kuhusu kufikisha waifai kila chumba, kwa mafundi vijana, wenye nyumba za wageni na watunza ofisi, iliyotolewa katika ukumbi wa parokia, Moshi. Nimeiandika upya kutoka kwenye rekodi ya simu. Kikohozi changu nimekiacha huko huko.

Wazee wangu, shikamooni. Tumsifu Yesu Kristo. Asalaam aleykum. Na vijana wangu wa Mbuyuni pale nyuma, ambao hamjaitikia salamu hata moja kati ya hizo, mambo vipi? Haya, sasa tumeamka wote.

Nianze na jambo linaloniudhi. Agosti 2022 intaneti ya kasi ilipandishwa Mlima Kilimanjaro hadi kambi ya Horombo, mita 3,720 kutoka usawa wa bahari. Mgeni amevaa makoti mawili, pua imekufa ganzi, na bado anamtumia mama yake picha. Anashuka, anafika mjini kwetu, anapokelewa kwenye nyumba ya wageni nzuri yenye maua na chai ya tangawizi, anapewa chumba namba saba mwisho wa korido. Anafungua simu: hakuna mtandao. Usiku unamkuta amekaa kwenye ngazi za mapokezi na blanketi mabegani, anaongea na nyumbani kwao. Huyu mgeni nimemwona kwa macho yangu, na si mmoja.

Mwenye nyumba akilalamikiwa anafanya nini? Anaongeza kifurushi. Alikuwa analipia megabiti 10 kwa sekunde, sasa analipia 20. Na chumba namba saba kiko vile vile. Mwezi unaofuata anaongeza tena. Ndugu zangu, hapo mtu anaongeza maji mtoni wakati mfereji haujafika shambani.

Nimetaja mfereji kwa makusudi. Watu wa Uru, Kibosho, Machame na Marangu mliomo humu mnaujua mfongo kuliko mimi. Maji yanakingwa juu huko mtoni, yanateremshwa kwa mtaro mmoja, yanapita vihamba vya watu, yale mashamba ya migomba ya nyumbani, na yupo mtu anayepanga zamu: leo fulani, kesho fulani. Ukichimba tawi jipya mpaka shambani kwako hujaongeza hata tone moja. Umesogeza tu mahali pa kuchotea. Na ole wako ukichimba tawi halafu ukajitangaza na wewe ni mpanga zamu. Siku hiyo majembe yatatumika kwa kazi isiyo ya kulima.

Kifaa tulichokuja kukizungumza leo ni hilo tawi. Mafundi tunakiita eksesi pointi. Mimi nitakiita kituo cha waifai, au kituo tu, ulimi wangu upumzike. Kazi yake ni moja na ni ndogo: kuchukua kilichomo kwenye waya na kukirusha hewani, na kuchukua kinachotoka hewani na kukirudisha kwenye waya. Hakileti intaneti, na hakina sababu ya kujua intaneti inatoka wapi.

Sasa mbona kinatutesa? Kwa sababu kile kiboksi tunachopewa tukiunganishwa intaneti si kitu kimoja. Ni kama duka la Mangi. Ukiingia unakuta sukari na sabuni, kwenye kona kuna wakala wa pesa, na nje kwenye kibaraza yuko kinyozi. Watu wanasema "naenda kwa Mangi" na wanamaanisha vyote. Kiboksi chako hivyo hivyo: ndani yake kuna rauta, mlinda mlango kati ya nyumba yako na dunia, kuna swichi, yale matundu manne ya kuchomeka waya, kuna kituo cha waifai, zile antena, na kuna mgawaji wa anwani. Huyu wa mwisho ndiye nitakayemshikilia leo.

Kila simu, kila kompyuta, kila printa ikiingia kwenye mtandao inahitaji anwani, namba kama 192.168.1.105. Hizi za 192.168 ni za ndani tu. Zinatumika Moshi, zinatumika Tokyo, hazigombani kwa sababu hazitoki nje ya geti. Simu yako ikifika haina anwani, kwa hiyo inapiga kelele kwa wote waliomo: jamani, nani anagawa anwani humu? Mgawaji anajibu: mimi, chukua 105, na ukitaka kutoka nje pitia kwangu, mlango ni 192.168.1.1. Utaratibu huu unaitwa DHCP. Na hapa kuna kitu ambacho wengi hawakijui: simu haimchunguzi aliyejibu. Haiulizi kitambulisho. Kwa kawaida aliyewahi kujibu ndiye anayeaminiwa.

Mnaona shida inapoingilia? Mwenye nyumba anataka waifai ifike chumba namba saba, anakwenda dukani, anarudi na rauta nyingine nzima. Duka la Mangi la pili. Analichomeka. Sasa ndani ya mfongo mmoja kuna wapanga zamu wawili.

Nisiwacheke watu, nianze na mimi. Nilipokuwa bado mbichi kwenye kazi hii niliitwa shule moja ya sekondari kwenye miteremko huku juu. Walitaka waifai kwenye chumba cha walimu, mbali na ofisi ya mhasibu kulikokuwa na intaneti. Nikavuta kebo, nikachomeka rauta mpya, simu za walimu zikashika, wakanipigia makofi. Ilikuwa Ijumaa. Nikalipwa, nikanywa chai, nikateremka mjini nikijiona injinia.

Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikaita. Nusu ya kompyuta za ofisi hazina intaneti, nyingine zinayo. Inayopata saa mbili, saa nne haipati. Nikajibu kwa sauti ya kitaalamu kabisa: hao wanaowauzia intaneti ndio wenye matatizo. Nikairudia siku mbili mfululizo. Jumatano nikapanda. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha swichi, swichi nzima ya watu. Hakuna kitu. Mhasibu, baba mmoja mtu mzima wa maneno machache, alikuwa ananiangalia tu juu ya miwani. Mwisho akasema, "Kijana, haya mambo yameanza ulipofunga kile kidude kule kwa walimu. Hebu kichomoe." Nikachomoa. Kompyuta zikawashwa upya, zote zikapona. Hela ya swichi nililipa mimi, na mpaka leo nikipita karibu na shule hiyo naangalia upande wa pili wa barabara.

Kilichotokea ni hiki. Rauta yangu ilikuwa inagawa anwani. Kompyuta iliyoamka asubuhi ikiuliza, wakati mwingine inajibiwa na rauta ya mhasibu, wakati mwingine na yangu. Yangu ikimjibu mtu inamwambia apitie kwake kwenda nje, wakati yenyewe njia ya kwenda nje haikuwa nayo. Walimu Ijumaa walifanikiwa kwa bahati tu. Na kwa nini mambo hayakuharibika siku ile ile? Kwa sababu anwani inakodishwa kwa muda. Rauta nyingi zinakodisha saa 24 au zaidi, na kompyuta yenye mkataba hai haisumbuki kuuliza upya. Wikiendi ilipopita mikataba ikaisha, Jumatatu kila mmoja akaingia sokoni kwa pamoja. Vijana wangu, kosa la aina hii ni baya kwa sababu linakupa muda wa kulipwa kwanza.

Basi tuseme unayo rauta ya pili na unataka kuigeuza iwe kituo. Inawezekana, na kwa nyumba ya vyumba kumi ni njia ya bei nafuu kuliko zote. Angalia kwanza kama ni ya kisasa, maana nyingi za siku hizi ndani ya mipangilio yake zina sehemu ya kuchagua kazi: iwe rauta au iwe kituo. Ukichagua kituo, inamfukuza yenyewe yule mgawaji, na umemaliza. Kama haina, unafanya kwa mkono, na mpangilio wa hatua ni muhimu kuliko hatua zenyewe.

Usiichomeke kwenye mtandao wa ofisi kwanza. Iweke mezani peke yake, iunganishe na laptopu yako kwa kebo. Fungua kivinjari, andika anwani iliyobandikwa chini ya kiboksi, ingia. Badilisha neno la siri la kuingilia humo kabla hujafanya lingine, maana lile la kiwandani kila mtu analo. Weka jina la waifai na neno lake la siri. Halafu ipe anwani yake mpya. Kama rauta kuu ni 192.168.1.1 na inagawa kuanzia 100 hadi 200, hii ipe 192.168.1.2, ndani ya ukoo mmoja wa 192.168.1 lakini nje ya fungu linalogawiwa, ili isije ikapewa simu ya mtu. Ukibonyeza kuhifadhi, ukurasa utakufa. Usishtuke! Hapa ndipo vijana wengi wanashika sindano na kubonyeza kile kitundu cha kurudisha mambo ya kiwandani, na kazi inaanza upya. Haijaharibika, imehama nyumba. Andika anwani mpya, ingia tena.

Sasa zima DHCP. Ukishazima, laptopu yako nayo itakosa wa kuipa anwani. Ikijipa yenyewe namba inayoanza na 169.254, hiyo ni namna yake ya kusema nimeuliza sikujibiwa. Ikumbukeni hiyo namba 169.254, itawaokoa siku nyingi. Ukiiona kwenye kompyuta ya mteja usiguse waifai kwanza, mtafute mgawaji yuko wapi. Ukitaka kuingia tena kwenye kiboksi wakati kiko peke yake mezani, ipe laptopu anwani kwa mkono, tuseme 192.168.1.50.

Ndipo uichomeke. Na hapa kuna tundu la kuliogopa. Lile lililokaa peke yake, mara nyingi lina rangi tofauti na mengine, limeandikwa WAN au intaneti. Kwenye kazi hii ya mkono, hilo usiliguse. Kebo inatoka kwenye tundu la LAN, moja ya yale manne, la rauta kuu, inaingia kwenye tundu la LAN la kituo. Wengi wanatumia lile la WAN kwa sababu limeandikwa intaneti, na wao wanataka intaneti. Mantiki yao siilaumu.

Ukilitumia, intaneti utaipata. Ndiyo maana kosa hili linaishi miaka. Lakini umejenga ukuta ndani ya nyumba: walioko nyuma ya kiboksi cha pili ni ukoo mwingine, tuseme 192.168.0, na walioko mbele hawawaoni, wala mwito wa walioko nyuma wa kutafuta printa hauvuki ukuta huo. Kuna mgahawa hapa mjini niliitwa kwa ajili ya hilo. Wahudumu wanachukua oda kwa tableti, oda inatakiwa kutoka kwenye printa ya jikoni. Mhudumu akiwa karibu na kaunta inatoka. Akiwa bustanini haitoki, anakimbia na karatasi mkononi, na wageni wanadhani ndio utaratibu wa nyumba. Bustanini alikuwa anashika kiboksi cha pili, jikoni printa iko kwenye cha kwanza. Nilihamisha kebo moja kutoka tundu moja kwenda jingine na kuzima DHCP. Dakika kumi na tano. Mwenye mgahawa akauliza mbona bei ni ile ile kama ya siku nzima, nikamwambia hujanilipa kwa kuhamisha kebo, umenilipa kwa kujua ni ipi.

Mama mmoja hapo mbele ameinua mkono. Ndiyo, mama. Anauliza vile vidude vya kuchomeka ukutani vinavyodaka waifai na kuirusha tena, bila waya wowote, havifai? Mama yangu, vinafaa kwa nyumba ambayo waya haupiti kabisa. Lakini kidude cha namna hiyo kinasikia na kusema kwa kinywa kimoja. Kilichopokelewa kinarudiwa hewani mara ya pili, kwa hiyo vya bei rahisi vinakupunguzia kasi kama nusu. Halafu watu wanavichomeka kule kule ambako waifai haifiki. Kama haifiki, kinarudia nini? Ukiwa na njia yoyote ya kupitisha kebo, pitisha kebo.

Na kwa kuwa tumeigusa kebo, niwaambie kitu nisichokisikia kikisemwa madukani. Kebo nyingi zinazouzwa kwa bei ya kutupa ndani si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba. Beba kisu, kwangua uzi mmoja: ukiona weupe chini ya wekundu, rudisha. Alumini inakatika kwenye kona, na ukitaka kupeleka umeme wa kituo kwa kebo hiyo hiyo inapoteza mwingi njiani na kupata joto. Kebo halali ya shaba inakupa mita 100 kutoka swichi hadi kifaa, na nyumba ya wageni yenye mita 100 za korido Moshi bado sijaingia. Mpangilio wa rangi vijana wote mnaujua kama wimbo: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kasi ya megabiti 100 inatumia nyuzi nne tu kati ya hizo nane. Gigabiti, yaani megabiti 1,000, inazitaka zote. Kwa hiyo ukiona kiungo cha gigabiti kimeshuka kimya kimya hadi 100, usimsumbue anayewauzia intaneti, kuna uzi umelegea kwenye kichwa cha kebo, tena mara nyingi ni kile ulichokibana mwenyewe jioni ukiwa na njaa.

Umeme wa kwenye kebo ni neema. Kituo kinakaa darini bila soketi, kinalishwa kutoka swichini. Ila ziko aina mbili. Ile ya kiwango, ya mwaka 2003, inatoa hadi wati 15.4 na inauliza kwanza: wewe uliye upande wa pili unakula umeme? Isipojibiwa haitoi. Nyingine haiulizi, inasukuma tu. Mdogo wangu uliyeniletea kituo kilichoungua wiki iliyopita, hiyo ndiyo habari yake. Soma kibandiko kwanza.

Sasa mahali pa kukiweka. Hapa nitakaa, kwa sababu fedha nyingi ya mji huu inapotelea hapa.

Mawimbi ya waifai ni redio. Kwenye tofali za kuchoma yanapita kwa shida, kwenye zege lenye nondo yanapita kwa taabu kubwa, kwenye bati hayapiti, yanarudi. Na maji yanayameza. Simtanki la lita 5,000 lililosimama kati ya kituo na chumba ni ukuta kamili. Hata watu ni maji: ukumbi huu mkiwa mmejaa hivi, waifai inayopita usawa wa vichwa vyenu inachoka kuliko Jumatatu ukumbi ukiwa mtupu. Ndiyo maana kituo kinakaa juu, kiwaone watu utosini.

Na migomba. Nilifunga kituo cha kurushia nyumba ndogo ya uani, kama mita arobaini, katikati ni kihamba. Ilikuwa Februari, migomba imepogolewa, majani makavu, waifai inapita safi. Mwezi wa nne, masika yamekolea, majani mapana yamejaa maji, mteja ananipigia: mvua ikinyesha waifai inalala. Nilitaka kumwambia ni imani zake. Nikaenda nikapima, ni kweli. Mgomba ni maji yaliyosimama wima. Waifai inarushwa kwa bendi mbili, yaani njia mbili za redio, na ile ya gigahezi 5 inaumia zaidi kuliko ya 2.4. Tulichimba, tukapitisha kebo ndani ya bomba la plastiki, na hata hapo nilikosa usingizi kwa sababu ya radi: waya wa shaba kati ya nyumba mbili ni mwaliko. Leo ningepitisha nyuzi za kioo, yaani faiba isiyopitisha umeme, na ningelala.

Bendi hizo mbili nizipitie haraka. 2.4 inafika mbali na ina msongamano. 5 ina nafasi na kasi, lakini ukuta wa pili inauogopa. Kwenye 2.4 chaneli ni kama 13, ila zimelaliana, hatua moja ni megahezi 5 wakati kila anayerusha anahitaji kama 20. Zisizogusana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Ukiwa na vituo vitatu, mpe kila mmoja yake. Kijana akisoma kwenye simu kwamba chaneli 3 haina mtu, anahamia 3, na sasa anagombana na wa 1 na wa 6 kwa pamoja. Ni heri kukaa chaneli moja na jirani, kwa sababu mnasikiana na mnapeana zamu, kuliko kukaa katikati mkawa kelele tupu kwa kila mmoja. Na zile 12 na 13 ziacheni: simu nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazizioni, na tunajua za mtumba zinatoka wapi.

Kuna mtu atasema, si niongeze nguvu ya kurusha mpaka mwisho? Kituo kikipiga kelele, simu ya mgeni chumba namba saba itakisikia. Itaonyesha mistari yote. Lakini simu yenyewe ni ndogo, betri ndogo, inanong'ona, na kituo hakisikii jibu lake. Mgeni anaona mistari minne na WhatsApp inazunguka tu. Vituo viwili vinavyoongea kwa sauti ya kawaida ni bora kuliko kimoja kinachofoka. Ukipima kwa programu ya simu, namba ni hasi: -50 ni nzuri sana, -67 bado unaongea kwa video bila tabu, ukifika -80 omba Mungu. Pimeni pale mgeni anapolala, mto uko wapi, mlango umefungwa. Fundi anayepima akiwa koridoni mlango wazi anajipimia mwenyewe.

Vituo vyote vipe jina moja na neno la siri moja, ili mgeni akitembea simu ihame yenyewe. Wapo wanaoita "Ground", "Juu 1", "Juu 2 mpya". Mgeni anashika ya mapokezi na kuing'ang'ania mpaka ghorofa ya pili. Anayeamua kuhama ni simu, si kituo, na simu nyingine zina uvivu wa kuhama kama mpangaji wa zamani.

Kuhusu usalama nitasema machache na yote mfanye. Kwenye aina ya ulinzi wa waifai, chagueni WPA2 au WPA3. WEP mkiikuta kwenye kifaa cha zamani, ilishavunjwa tangu 2001, kizime. Kile kitufe cha WPS cha kuunganisha bila kuandika neno la siri, kizime pia. Na wenye nyumba za wageni, mtandao wa mgeni utenganishwe na kompyuta ya mapokezi. Hapa tahadhari: rauta ya nyumbani uliyoigeuza kituo inaweza kukuonyesha "mtandao wa wageni" ukadhani umetenganisha, kumbe haitenganishi kitu, kwa sababu mlinda mlango si yeye tena. Usiamini jina. Shika simu, ingia kama mgeni, jaribu kufungua ukurasa wa printa ya ofisi. Ukifunguka, mgeni naye atafungua.

Swali la mwisho, kijana wa Mbuyuni. Anasema mteja hataki kusikia haya yote, anataka waifai iwake. Ni kweli, mdogo wangu. Mteja wa kinyozi naye hataki kusikia habari za mashine. Lakini chukua mkanda na kalamu, kila kituo ukifunge kibandiko: anwani yake, chaneli yake, tarehe. Na ndani ya mlango wa kabati la rauta kuu andika: mgawaji ni huyu. Siku utakayokuwa Dodoma na mwingine akaitwa, hataongeza wa pili.

Nimalizie na ukumbi huu. Mwenyekiti alipofungua alituomba radhi kwamba waifai haifiki viti vya nyuma. Nimezunguka kabla hamjaingia. Kituo kipo, ni kizuri, kimefungiwa ndani ya kabati la chuma nyuma ya jukwaa pamoja na mablanketi ya harambee na spika mbovu, kisiibiwe. Kebo yake ina ziada ya mita sita imekunjwa chini. Katibu ameshaniruhusu. Naomba vijana wawili wenye nguvu, na mtu anayejua ngazi inakaa wapi.